Mche wa Fundi Vitanda

Fundi wetu wa kusuka vitanda hapa Madimba alitoka ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Jumbe alimwazima kiwanja: muhogo alime, mti asipande, maana apandaye mti ameshika ardhi. Basi akaishi kwa adabu ya mgeni. Vidole vyake vinene vikivuta kamba, mbuzi wa jumbe walitafuna kisamvu chake, naye hucheka tu kwa sauti ndogo: "Waacheni, ndio wenyeji." Masika haya jumbe alikubali kumuuzia kile kiwanja, naye fundi akapanda mche wa mkorosho mbele yetu sote. Jioni ileile mbuzi akausogelea. Kobazi la fundi likaruka. Kumbe ana sauti! "Jumbe! Funga mbuzi wako!" Jumbe akaja mbio na kamba, anacheka: "Haya, mwenyeji."