Sugu ya Shehe

Mzee mmoja wa Malindi, muuza saruji na mabati, alikuwa na paji la uso lililomfaa kuliko duka lake. Katikati ya paji hilo palikuwa na kinundu, na mtaa mzima ulijua kuwa ni sugu ya kusujudu. Kwa kinundu hicho aliitwa Shehe, ingawa sikupata kusikia kuwa amemfundisha mtu hata alifu. Viwanja vikigombaniwa, yeye ndiye aliyeitwa kutoa ushahidi, na nani angethubutu kumbishia mtu mwenye paji kama lile?

Mimi ni daktari wa upasuaji, na siku zangu nyingi huishia kwenye majipu, vivimbe na makovu yaliyoota nyama. Shehe aliletwa kwangu na mkewe kwa sababu kinundu kilikuwa kimekua hata kofia haikai tena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mimbarini, kisha akanieleza kuwa haumwi na kitu. Ile ni baraka, na baraka haitibiwi. Amekuja tu kumridhisha mama watoto.

Nikampapasa. Sugu ya kweli huwa kwenye ngozi yenyewe, ngozi ikakauka na kuwa ngumu. Marehemu baba alikuwa nayo, ndogo, naye akiifunika kwa kofia. Ngozi ya Shehe ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga, na chini yake palikuwa na kitu chororo kilichobonyea nikikigusa.

"Mzee, hii si sugu," nikamwambia. "Ni uvimbe wa mafuta. Hauna madhara, wala hauhusiani na kusujudu. Ungeweza kukuota hata mgongoni."

Shehe aliokota kofia yake. Mkewe ndiye aliyenijibu.

"Ndiyo maana," alisema taratibu, akitazama dirishani. "Nikimwamsha alfajiri hugeukia ukutani. Nikawa nashangaa, sugu yaota saa ngapi?"

Niliinamia karatasi zangu nisije nikacheka.

Alikubali kupasuliwa kwa haraka iliyonishangaza. Nadhani hakuweza tena kukaa nyumba moja na mwanamke anayejua kilichomo ndani ya kile kinundu. Barazani aliaga kuwa anakwenda Mombasa kufuata mzigo. Siku ya siku, nikiwa nimeshamdunga sindano ya ganzi na namngoja afe ganzi vizuri, aliniita kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, huwezi kuacha kidogo?"

"Kidogo cha nini, mzee?"

"Cha kuonekana tu."

Nilimweleza kuwa nikiacha kidogo, uvimbe utaota upya. Akafumba macho. Nilikata kwa kufuata kunyanzi la paji ili kovu lijifiche, nikapenya chini ya msuli, na mafuta yakatoka mazima, manjano, kama nyama ya mkia wa kondoo. Akaomba ayaone. Aliyatazama kwa muda mrefu, na hapo, nakiri, nilimhurumia.

Huruma hiyo haikudumu. Alipokuja kutolewa nyuzi alinilaumu kwa kazi nzuri mno: kovu halionekani, na msikitini watu wanamuuliza, kwa adabu zote, kama bado anaswali. Kwa hiyo alikuwa amewapa maelezo. Aliwaambia kuwa daktari mwenyewe ameshangaa, kwamba sijda zake zimekuwa nzito hata sugu imepenya ngozi na nyama, ikabidi itolewe kabla haijafika kwenye ubongo. Ananiarifu mapema, alisema, nisije nikamwaibisha nikiulizwa. Nikamwambia kuwa siri za wagonjwa sizitoi, naye akanishukuru kwa dua ndefu.

Haukupita muda, wakaja wazee wawili wa baraza yake, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka nipime sugu zao zimepenya mpaka wapi. Mmoja hakuwa na kitu. Wa pili alikuwa na choa, nikamwandikia dawa ya kupaka.