Jema Moja, Kasoro Moja, Dawa Moja

Bahasha ilikuwa ikifika Ifakara kila baada ya miezi miwili hivi, ya kaki, imevimba, pembe zimechakaa kwa kupita mikono mingi. Karani wa posta akiniona tu alisema, "Bwana Maji, mzigo wako umefika," kwa sauti ya mtu anayejua kwamba sina mzigo mwingine wowote duniani. Niliipokea, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli, na sikuifungua mpaka nifike chumbani, nioge, nipike, nile. Mwenye kitu kimoja tu cha kumfurahisha hujifunza kukila polepole.

Ndani mlikuwa na picha sita, na nyuma ya kila picha karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Tulikuwa watu sita tusiojuana. Tulikutana kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu wa gazeti moja, mahali ambapo wengine walikuwa wakitafuta wachumba. Mtu mmoja wa Arusha aliandika kwamba anatafuta wenzake wanaopiga picha kwa kupenda, si kwa biashara, na walio tayari kuambiana ukweli. Huyo akawa Namba Moja. Majina hayakuruhusiwa, ili mtu asimwogope mkubwa wala asimdharau mdogo. Namba Moja ndiye aliyejua anwani zote; sisi wengine kila mmoja alijua ya anayemfuata tu. Mimi nilijiunga wa mwisho, nikawa Namba Sita, na nikishamaliza niliirudisha bahasha kwa Namba Moja, mzunguko ukaanza upya.

Sheria ilikuwa moja. Kila picha uiandikie jema moja, kasoro moja na dawa moja. Kasoro isiyo na dawa ilihesabiwa kuwa matusi, na jema lisilo na kasoro lilihesabiwa kuwa uvivu. Namba Mbili alikuwa mvivu wetu. Jema lake kwa kila picha lilikuwa "imetoka vizuri", utadhani anaishukuru kamera. Namba Nne ndiye niliyemsubiri. Aliandika kwa wino wa kijani, herufi ndogo zilizosimama wima, na mpaka leo sijui kama alikuwa mwanamume au mwanamke, mzee au kijana.

Mimi ni mtu wa Singida. Idara ya maji ndiyo iliyonipeleka Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikasome vipimo vya mito inayoteremka kutoka milima ya Udzungwa. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kupanda baiskeli, kwenda Lumemo, siku nyingine kudandia lori mpaka Kisawasawa au Mkula, kusoma kijiti chenye namba kilichosimama majini, kuandika, kurudi. Mto haukusalimii wala haukuulizi habari za nyumbani. Nilinunua kamera ya Kirusi, nzito kama tofali, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa amesoma huko, nikaanza kuupiga picha huo mto ili angalau nipate sababu ya kuutazama tena.

Wapiga picha wengine walikuwapo mjini. Walizunguka na baiskeli wakipiga watu kwa malipo, na hao walieleweka. Mimi nilikuwa nikipiga maji, madaraja, mashamba yaliyofurika, na sikumdai mtu chochote. Hilo liliwatia watu wasiwasi. Mzee mmoja wa Lumemo aliniuliza waziwazi, "Bwana Maji, hii ardhi mnataka kumpa nani?" Nikamwambia ninapenda tu picha. Akaniitikia kwa heshima zote, na tangu siku hiyo akawa akinitazama mpaka nipotee kwenye kona.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane wa kutoka upande wa Mahenge, aliyeishi na binti yake. Alikuwa mama wa kanisani, mwenye sauti kubwa, na alijua kila aliyepita barabarani amekula nini. Nikiamka nilikuwa ninasema, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba baba, umeamkaje?" na mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote ya siku. Halafu msimu ukifika, hata hayo yalikwisha. Mpunga ukianza kutoa mashuke, mtaa mzima ulihamia bondeni kulinda ndege na nguruwe. Walibeba masufuria, magodoro, kuku na radio, wakaenda kuishi kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji na matope. Nyumba zilibaki na makufuli, na mimi.

Kila mwaka akiondoka mama aliniambia, "Baba, ukichoka kukaa na kuta, njoo shamba." Nami nilijibu, "Asante mama, nitakuja." Nilidhani wote wawili tunajua kwamba huo ni ustaarabu tu. Nikabaki na bahasha yangu.

Ukweli niuseme: nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilianza kusoma kasoro kwa sauti, ili chumbani pasikike mtu. Na kuandika kasoro za wengine nilikuweka moyoni kuliko kazi ya serikali. Wakati mmoja Namba Nne alileta picha ya kiti kitupu kibarazani. Nilikaa nayo kwa siku kadhaa. Mwishowe niliandika kwamba jema ni kivuli cha kiti sakafuni, kasoro ni kwamba kiti kimewekwa katikati kama mtuhumiwa, na dawa ni kukisogeza kando ili tuone kinachotazamwa. Bahasha iliyofuata ilileta kiti kilekile, kimesogezwa, na nje ya baraza ikaonekana njia inayoteremka. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameinuka na kusogeza kiti kwa sababu ya neno langu. Nilitembea na furaha hiyo wiki nzima na sikuwa na wa kumwambia.

Ndipo ikaja zamu yangu. Nilikuwa nimetuma picha ya Lumemo wakati wa mafuriko, na wanawake wa mbali wakifua ng'ambo. Niliipenda sana. Wino wa kijani ukaandika: "Jema: maji yanaonekana yanakwenda. Kasoro: Namba Sita, tangu ujiunge sijaona uso wa mtu. Watu wako kila mara wako ng'ambo ya mto. Dawa: sogea."

Nilikasirika. Sikulifuta hilo neno wala sikulijibu, lakini nilikwenda nalo kazini nikigombana nalo njia nzima. Sogea! Asogee yeye na kiti chake. Aje Ifakara aone mtu anavyosogelea watu ambao hawana haja naye. Nilisoma kipimo vibaya siku hiyo ikabidi nirudi.

Ulikuwa msimu wa mavuno na nyumba ilikuwa tupu. Siku ya mapumziko nikapanda baiskeli kuelekea bondeni, nikavushwa kwa mtumbwi, nikauliza njia mpaka nikaona dungu la mama. Nilipiga hodi kutoka mbali. Nilitegemea mshangao. Mama alinitazama, akamwambia binti yake, "Mpe Bwana Maji mundu."

Shamba la watu halitembelewi mikono mitupu. Mgeni anayesimama pembeni akitazama wenzake wanavyokata mpunga anahesabiwa mchuro, mleta nuksi, basi nilikata mpaka mgongo ukawa si wangu. Nilikata vibaya. Binti alikuwa akipita nyuma yangu kuokota mashuke niliyoyaacha, bila kusema neno, na huko kunyamaza kwake kulikuwa kasoro kubwa kuliko za bahasha. Jioni tulikula wali mpya na samaki perege, nikapewa nafasi ya kulala karibu na magunia, nikalala kama mtoto.

Asubuhi walianza kupepeta. Mama alisimama juu ya turubai na ungo, jua likiwa bado la chini, makapi yakipeperuka mbele yake yote yanang'aa. Nikachukua kamera. "Usinipige na gauni hili," alifoka. "Ngoja nivae." Nikasema sawa mama, huku nikirudi nyuma nipate nafasi. Nikarudi hatua moja zaidi ya iliyotakiwa, nikatumbukia kwenye mfereji mpaka magotini, mikono yote miwili juu nikiiokoa kamera. Mama aliangua kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nihamie kwake. Alikuwa karibu sana. Nikiwa humohumo kwenye tope, nikabonyeza.

Baadaye aliingia kibandani, akatoka na kitenge cha Krismasi na viatu, akasimama kando ya baiskeli yangu, mikono imenyooka, uso umekaza. "Sasa piga picha ya kweli," akasema. Nikaipiga.

Mkanda niliupeleka kusafishwa Morogoro kwa mkono wa dereva wa basi. Zilipofika nilimpa mama zote mbili. Ile ya kitenge aliibusu na kuitundika sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria. Ile nyingine aliigeuzageuza. "Na miguu yangu iko wapi? Kazi gani ya kumkata mtu?" akauliza, akanirudishia. Sikubishana. Ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga, na nilijua ni nani atakayeijua. Nikaikatia karatasi, nikaitengenezea gundi, nikasubiri bahasha.

Bahasha haikuja. Karani wa posta aliacha kuniita. Hatimaye kikaja kikaratasi cha Namba Moja, mistari michache tu: wenzetu wote sasa wanapata kompyuta huko waliko, mzunguko wa posta umekuwa mzito, tumehamia barua pepe, anwani ya kundi ni hii hapa, karibu sana. Nilikisoma nimesimama pale dirishani. Wala hawakunifukuza. Walihama tu, kama mtaa unavyohamia shamba, na kufuli likabaki na mimi. Nilimtumia Namba Moja nakala ya picha kwa posta, nikimwomba amfikishie Namba Nne. Baada ya wiki kadhaa ikarudi, imeandikwa kwamba amehama.

Pale mjini kulikuwa na ofisi ya mradi mmoja yenye kompyuta iliyotumia laini ya simu. Katibu muhtasi wake, dada mpole wa makamo, alikubali kutuma ujumbe wangu siku za Ijumaa kazi zikiisha. Nikamfikia na picha yangu ndani ya bahasha safi. Akaishika, akaitazama, akasikitika.

"Kaka, hii hatuwezi kuiingiza humu. Mashine ya kuingiza picha tunasikia iko Dar."

"Sasa nifanyeje?"

"Labda uwaandikie ilivyo."

Basi nikaiandika. Nilikaa na picha mezani nikaiandika kama nilivyokuwa nikiandika kasoro za watu: jua limetoka kushoto, makapi yanang'aa, ungo umekata kona ya chini, mama mtu mzima anacheka kichwa amekirudisha nyuma, jino moja la pembeni halipo, mkono wa binti yake unaonekana kidogo. Nikaandika kwamba safari hii nimesogea. Dada alipiga chapa mpaka mwisho, akaniuliza, "Huyu mama ni nani wako?"

"Mwenye nyumba wangu," nikamjibu. Akanitazama kidogo, kisha akatuma.

Mvua zikaja, laini za simu zikalala. Kila Ijumaa nilikwenda, kila Ijumaa dada akatikisa kichwa. Mama na binti wakabeba masufuria na kuku wakaenda bondeni. "Ukichoka na kuta, baba," akasema mama, na mimi nikajibu nilivyozoea. Ningeweza kumfuata, lakini nilikuwa ninasubiri jibu. Niliogopa likija nisiwepo. Hivyo ndivyo nilivyouishi msimu ule, katika nyumba tupu, nikimsubiri mtu nisiyemjua aniambie kama nimefanikiwa kumwona mtu ninayemjua.

Laini zilipofufuka, dada alinipa karatasi iliyopigwa chapa. Hakukuwa na wino wa kijani, herufi zilikuwa kama za barua yoyote ya serikali, lakini nilimtambua.

"Namba Sita. Jema: nimemwona, tena nimemsikia. Kasoro: katika maneno yote hayo hukusema mama huyu anamcheka nani. Mtu hachekei jua. Dawa: unaijua."

Nilisoma pale pale kaunta, dada akijifanya anapanga mafaili. Nilikuwa nimeeleza mwanga, ungo, jino na makapi. Tope sikulitaja. Niliona si sehemu ya picha. Nilichukua kipande cha karatasi nikaandika, "Ananicheka mimi," nikamwomba dada atume. Alituma. Kama ilifika sijui, kwa sababu mradi ule ulifungwa muda si mrefu, na sikupata tena neno la mtu yeyote katika wale watano. Wakati mwingine bado ninakitafakari kile kiti kilichosogezwa na ninataka kujua nani alikaa juu yake.

Kesho yake nilifunga chumba. Mtumbwi ulinivusha, nikapiga hodi kutoka mbali, maji yakinifika kwenye vifundo. Mama alisimama juu ya dungu, kombeo la ndege mkononi, akanikagua kuanzia kichwani.

"Mashine yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, mama."

"Mwaka huu umechelewa," akasema. "Ndege wamekula upande wako wote."