Maua ya altare yote chini

Nyie, mume wangu leo kanyoa maua ya kanisa!

Kesho Jumapili jumuiya yetu ndiyo inapamba altare. Bogenvilia ya hapa nyumbani Majengo ilikuwa imejaa maua mekundu, na nilishawaahidi akina mama waje kuyachukua jioni.

Natoka sokoni, nakuta maua yote chini, yamenyauka kwa jua.

Baba Neema kashika mkasi wa bustani. Matawi makavu katoa, yanayosuguana katoa, kichaka kimekuwa duara safi. Kijani tupu!

Na ni yeye aliyenifundisha kwamba bogenvilia inapunguzwa maua yakishaisha.

Nikapandisha sauti. "Baba Neema, kesho tunapeleka nini kanisani?"

Akajibu polepole, "Niliona kimekaa vibaya, mama."

Sijamaliza kufoka, akina mama hao getini na ndoo zao. Aibu niliyoisikia!

Mwenyekiti wetu, Mama Skola, akatazama kichaka. Akamtazama mume wangu. Akaweka ndoo chini.

"Baba Neema! Umesimama mwenyewe?"

Jamani.

Tangu apate kiharusi, huyu mtu kutoka kitandani mpaka mlangoni ni mimi namshika. Na muda wote ule mimi nilikuwa naangalia maua.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hadi bodaboda wakapunguza mwendo.

Mwenye maua Mpanda hii anisaidie. Yakikosekana, tutapamba kwa majani, na padri akiuliza nani kayakata, nitamwonyesha.

Atakuwa amesimama benchi la mbele.