Kalamu ya Kupanda Nayo Lemera

Katika mtaa wa Kasenga, mjini Uvira, watu huandika kwa biki. Ikigoma huisugua kwenye soli ya kiatu, ikiisha huitupa, ikipotea hakuna anayelia. Sévère Kashindi hakuwa mtu wa biki. Karani huyu wa shule ya sekondari, mpole, mwenye kusema machache na kuandika mengi, alikuwa na kalamu za wino tatu, na kila moja alikuwa ameipa jina.

Kasuku alikuwa wa plastiki ya kijani, kutoka soko la Kamanyola. Huyo alikuwa mropokaji. Ukimgusisha tu kwenye karatasi anamwaga wino, hata maneno ya Jumatatu yanapenya na kutokea kwenye ukurasa wa Jumanne. Shangazi alikuwa wa chuma, mwembamba, mwenye ncha kali. Hakukataa kazi hata siku moja, lakini alikwaruza karatasi kwa sauti ya kuku anayetafuta punje, na kila alichokiandika kilionekana kama lawama.

Wa tatu aliitwa Shefu, na huyo ndiye aliyekuwa moyoni.

Shefu alikuwa mweusi, mzito, mwenye pete ya rangi ya dhahabu kiunoni. Sévère alimkuta Bujumbura, kwenye meza ya fundi wa saa, katikati ya saa zilizokufa. Kama mashefu wengi wa ofisini, alichelewa kazini. Ilibidi umtikise, umbembeleze, umchoreshe viduara kwenye karatasi chakavu ndipo aamke. Lakini akishaamka, lo! Mstari ulitoka laini kama mawese yanayomiminwa, mnene panapotaka unene, mwembamba panapotaka wembamba. Hata barua ya kuomba maboksi ya chaki ilisomeka kama barua ya kumposa binti wa watu.

Kila jioni, kabla ya ugali kuiva, Sévère aliketi barazani na kuiandika siku yake: maji ya ziwa yamefika wapi, ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wengi au haba, nani amepita kusalimia na amesema nini. Hakumwandikia mtu yeyote. Siku asipoandika, alijiona kama mtu aliyetoka nyumbani bila mkanda.

Ili Shefu asichelewe sana, Sévère alikuwa amejitungia desturi mbili. Ya kwanza, mfukoni alimweka kichwa chini, wino ukae tayari kwenye ncha. Ya pili, hakumjaza kamwe, alimtilia wino nusu tu. Mtu akishiba kupita kiasi hutapika, alijiambia, na kalamu ni hivyo hivyo. Kwa miaka aliyoishi kando ya ziwa, desturi hizo hazikumletea shida yoyote.

Shida ilikuja siku ya kupanda Lemera.

Mkewe, Agnès, alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama, na kanisa moja la kule milimani lilikuwa limewaalika. Walipita bonde la Ruzizi kwa taksi mpaka Kiringye, na kutoka hapo wakapanda kwa pikipiki, wawili wawili nyuma ya kila dereva. Agnès alikaa katikati, na blauzi yake mpya, nyeupe, iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Sévère alikaa nyuma yake, kifua mgongoni, Shefu katika mfuko wa shati lake jeusi. Njia ni ya makona na mawe. Wakafika juu salama, wakapanguza vumbi la usoni, wakaingia kanisani moja kwa moja maana ibada ilikuwa imeanza.

Sasa, kiongozi wa kwaya huwatazama waimbaji wake, na mgongo huwapa waumini. Agnès aliinua mikono. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha akasikia kicheko kidogo nyuma yake, kisha kingine. Akadhani sauti ya pili imepotea njia. Akaongeza nguvu za mikono, na kadiri alivyopunga, mgongo ulicheza, na kadiri mgongo ulivyocheza, kanisa lilizidi kuuma midomo. Katikati ya blauzi ile nyeupe palikuwa na doa la buluu, refu, jembamba, lililopinda kidogo kiunoni, kama mtu aliyekuwa amechora ramani ya Ziwa Tanganyika.

Baada ya ibada bibi mmoja wa pale alimshika mkono. "Mama, umetoka Uvira, nayo ziwa imekufuata mpaka huku!"

Agnès alijifunga kitenge mgongoni njia nzima ya kurudi. Maneno aliyatoa nyumbani, baada ya kuloweka blauzi, akimwita mumewe kwa jina la binti yao.

"Papa Laure."

"Naam, Mama Laure."

"Weye uko na bibi ao uko na kalamu?"

"Niko na bibi," Sévère alijibu kwa uangalifu. "Na kalamu kidogo."

"Kidogo? Tatu! Hata papa yangu mwenye kuvua samaki hakukuwa na mitumbwi tatu." Akakamua blauzi, doa likamtazama. "Itabaki moja. Chagua. Zingine nitazituma kwa Laure kule Kamanyola, wajukuu wazitobolee mapapai. Na ile nyeusi yenye kutapika, ile usiichague hata."

Sévère akazipima kalamu moyoni. Kuachana na Kasuku angeweza. Hata Shangazi angemuaga, pengine kwa kumshukuru. Lakini Shefu atobolewe mapapai!

"Unipe juma moja," aliomba. "Kalamu ya kila siku mutu haichague kwa siku moja."

"Chukua. Jumapili ijayo wametuita tena Lemera." Agnès akatikisa kichwa. "Sijui wamependa nyimbo ao wamependa mgongo."

Basi Sévère akaanza kujaribu, akimwacha Shefu nyumbani kwenye kikombe, kama mtu aliyesimamishwa kazi. Alikwenda na Shangazi shuleni, akaandika muhtasari wa mkutano wa walimu. Prefe, mkuu wa shule, aliusoma, akavua miwani, akauliza, "Sévère, uko na hasira na mimi?" Kesho yake alikwenda na Kasuku. Kabla ya saa sita Kasuku alikuwa amemeza kwa bonge moja la wino jina zima la mwalimu wa jiografia, na mwalimu akaja kuuliza kama amefukuzwa.

Jioni Sévère aliketi barazani na daftari lake, asiandike kitu. Akichukua Shangazi, siku yake nzuri ingesomeka kama ugomvi. Akichukua Kasuku, ingesomeka mara mbili. Akafunga daftari.

Jumamosi alimkuta Agnès uani akimimina mawese kwenye bidoni, dumu la plastiki, zawadi ya kumpelekea dada yake Charlotte aliyeolewa Lemera. Alimimina mpaka shingoni, akaiminya bidoni mbavuni mpaka mafuta yakafika mdomoni kabisa, ndipo akafunga.

"Mbona unajaza hivyo?" Sévère aliuliza. "Njiani itatapika."

"Weye Papa Laure! Ya kujaa haitapike. Ya nusu njo inatapika."

"Namna gani?"

"Ukifunga nusu hapa, ndani mnabaki hewa. Ukipanda mulima, ile hewa inavimba. Bidoni inafika juu na mashavu kama mutu wa kupuliza tarumbeta. Na kama uliilaza kifuniko chini, inatema mafuta yote mu mufuko. Ile kila mama wa Uvira anajua."

Sévère aliitazama bidoni. Kisha, polepole, mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati, ambao siku hiyo ulikuwa mtupu.

"Hewa," alisema.

"Hewa gani tena?"

"Haikukuwa Shefu. Minye njo nilimutilia wino nusu. Na nikamuweka kichwa chini."

Agnès alijaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda. "Yesu wangu! Miaka yote unaandika mpaka ndagala wa ziwani, bidoni ya bibi yako haujawahi kuiona?"

"Acha nipande naye tena," Sévère alisema haraka, kabla kicheko hakijapoa. "Nitamujaza, kichwa juu. Akitapika, umutume kwa Laure wewe mwenyewe."

Agnès akapanguza mikono. "Sawa. Lakini minye siketi mbele yako tena, hapana. Weye utakaa katikati. Na utavaa shati yako nyeupe, ile ya harusi ya Laure. Kama ni kuchafua, safari hii uchafue yako."

Habari husafiri. Jumapili pale Kiringye, Pitchou, dereva wa pikipiki, alipoambiwa ni nani atakayeketi mgongoni pake, alitoa koti la mvua akalivaa, na jua linawaka.

"Papa, si ubaya," alisema. "Ni kujikinga."

Wakaanza kupanda. Kwenye kona za mwanzo Sévère alijikaza asiguse mfuko. Masikio yalipoziba kwa kimo cha mlima, alijua hewa imeanza kazi yake, akapeleka vidole kifuani.

"Usishike!" Agnès alipaza sauti nyuma yake. "Iache iseme yenyewe!"

Migomba ikapita, baridi ikaingia mikononi, bonde la Ruzizi likabaki chini kama mkeka ulioanikwa. Sévère hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anamuomba Mungu kwa ajili ya mfuko mmoja.

Juu, akina mama wa kwaya waliofika kwanza walikuwa wamejipanga kandokando ya njia, nguo zimekung'utwa, macho yakisubiri. Mama Victoire, mwenye sauti nene kuliko wote, alikuwa wa kwanza kuuliza: "Ziwa imefika ao imebaki chini?"

Agnès aliweka bidoni chini. Alimgeuza mumewe kwenye mwanga, akauchungulia mfuko, akaupindua nje kwa kidole. Mweupe. Pitchou naye akavua koti na kukagua mgongo wake, kwa usalama.

"Bado kifuniko," alisema Agnès. Akamfungua Shefu taratibu. Kwenye ncha palikuwa na tone moja la buluu, limevimba, linatetemeka.

"Iko inalia!" Mama Victoire alipiga kelele.

Sévère alifumba macho.

Agnès alilitazama tone, akamtazama mumewe katika shati lake la harusi. "Inalia," alisema, "lakini haijatapika." Akachukua karatasi ya nyimbo, akaiweka juu ya bidoni na kuandika namba ya wimbo wa kwanza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Shefu aliingia kazini kwa wakati. Wino ulikuwa tayari mlangoni, umesukumwa na mlima mzima. Agnès aliandika namba ya pili, kisha ya tatu, kisha jina lake kamili, ambalo hakuna aliyemwomba aliandike.

"Kumbe iko tamu hivi?"

"Nilikuambia," Sévère alinong'ona.

"Haukuniambia. Uliandika." Akamrudishia. "Itabaki. Kasuku aende kwa mapapai. Na yule Shangazi, yule ni wangu. Waimbaji wangu wanataka mutu wa kukwaruza."

Mama Victoire akapiga vigelegele, na wote wakaingia kanisani, Agnès mbele, mgongo wake ukiwa mweupe kama maziwa ya mlimani.

Tangu siku hiyo madereva wa Kiringye wanamfahamu Sévère. Wao wakisimama kujaza petroli kabla ya kupanda, yeye hushuka kando ya njia, hutoa kichupa chake, na kumjazia Shefu wino mpaka kooni.