Mti wa Maua Mekundu

Mama hakupanda ulezi kwa kalenda. Alingoja mti wa miiba uliokuwa mpakani mwa shamba letu, pembezoni mwa Turwa, upukutishe majani yote na kutoa maua mekundu. Ukishakuwa mwekundu hadi ncha za matawi, alisema mti umewaka, mvua iko njiani, akatutoa wote na majembe.

Macho yake yalipoingia ukungu, kazi ya kuutazama mti akanipa mimi. Mwaka huohuo nikaukata. Nilikuwa nachoma matofali ya nyumba yangu, na kuni zilinipungukia katikati ya kazi. Kuni zenyewe za ovyo! Zilitoa moshi tu, na matofali ya upande mmoja yakabaki mabichi.

Sikumwambia. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kumwamkia, aliuliza, "Umewaka?"

"Bado, mama."

Mvua ilipoanza kugonga bati, alisema hiyo ni ya kudanganya, maana mti haujasema. Kumbikumbi wakaruka, nami nikajibu bado. Mtu mzima mwenye ndevu, naogopa sentensi moja! Siku niliyosema umewaka, majirani walikuwa wameshamaliza palizi ya kwanza.

Tulivuna debe moja. Mama alishika suke jembamba, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Tusiulaumu," akasema. "Mti nao umezeeka. Hauoni tena, kama mimi."

"Kweli, mama," nikaitika.