Mzee Calist na Binti wa Mwenye Kinu

Baba yangu, mzee Calist, ameozesha nusu ya kijiji cha Mungaa. Simaanishi kwamba ana mabinti wengi; anaye mmoja tu, na huyo ni mimi, Loyce. Namaanisha kwamba posa ikiletwa kwenye ukoo wetu, yeye ndiye anayekaa kiti cha katikati, anapokea barua, anaigeuza pande zote mbili kama mtu anayekagua ngozi ya mbuzi, kisha anauliza swali ambalo hakuna aliyejiandaa nalo. Kwa jambo hilo anaheshimika hadi vijiji vya jirani.

Mabinti wa wenzake aliwaozesha kwa vikao viwili, vikizidi vitatu. Kwangu mimi vilishafika vitano, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika.

Mchumba wangu anaitwa Nathan, fundi wa redio na tivii kule Ilongero. Walipokuja mara ya kwanza, baba aliirudisha barua kwa sababu ilikuwa ya wino mweusi. Posa, alisema, huandikwa kwa wino wa bluu. Mara ya pili akataka cheti cha ubatizo. Mara ya tatu akataka aletwe babu mdogo wa Nathan kutoka Itigi, mzee wa miaka themanini na ushee, aje aseme kwa mdomo wake kwamba koo zetu hazina undugu. Babu akaletwa, akasema, akalala siku mbili kwa uchovu. Mara ya nne baba akakumbuka kwamba mtu ametoka Itigi, nchi ya nyuki, bila asali. Mara ya tano tivii yetu ilikuwa haionyeshi, na baba akasema anataka kuuona huo ufundi kwa macho yake.

Mama alifariki mwaka mmoja kabla ya posa. Nalisema hili mapema msije mkadhani baba ni mtu mbaya. Lakini nina miaka ishirini na minane, kazi yangu ni kushona magauni ya harusi za wenzangu, na danadana za baba zilikuwa zimenifika hapa.

Nathan aliitengeneza tivii kwa nusu saa. Ili kuonyesha picha imetulia, akachomeka mashine yake ya gemu. Ikatokea nchi ya milima na ngome, na kijana mmoja mwenye upanga amesimama njiani. Baba akasogeza kiti.

"Mashine iache kwanza," alisema. "Nihakikishe tivii haizimi."

Kuhakikisha kulichukua wiki tatu. Alizeti ilikuwa imeshavunwa, kazi hakuna, na kila baada ya chakula cha mchana baba aliketi, akaishika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili kama usukani, akaniita nimsomee. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Mimi nilimaliza kidato cha nne, kwa hiyo nikaacha cherehani nikawa mkalimani wa ufalme.

Gemu ilimtaka aliue joka. Baba joka alilipuuza kabisa. Alichotaka kujua ni nani aliyemtuma huyu kijana, mtoto wa nani, na kwa nini mfalme ampe mgeni kazi ya hatari bila hata barua ya mwenyekiti wa kijiji. Alishangaa mtu kubeba panga arobaini na kiuno hakiumi. Alichukia jinsi kijana anavyotakiwa kuingia nyumba za watu bila hodi na kupasua vyungu vyao kutafuta dhahabu, huku mwenye nyumba amesimama pale pale anamwambia karibu. "Huu ni wizi wa mchana," alisema, na kwa siku nne hakupasua chungu hata kimoja, hivyo hakuwa na dhahabu ya kununua ngao, ndiyo maana kila mbwa mwitu alimuua.

Sauti aliizima siku ya kwanza, kwa madai kwamba mngurumo wa joka unawakatisha ng'ombe maziwa. Siku ya pili akagundua kitufe cha kuinama. Akafurahi sana. Tangu hapo kila mzee aliyekutana naye mle alimwinamia na kumwamkia, "Shikamoo mzee," kwa sauti, sebuleni kwetu. Kumbe kwenye gemu kuinama ni mkao wa wezi wanaonyemelea. Walinzi wakamkamata mara tatu, wakamtia ndani. Baba akasema nchi inayomfunga kijana kwa kutoa heshima haistahili kuokolewa kutoka kwa joka, acha iliwe.

Wiki ya pili alifika kwenye kinu cha nafaka. Mwenye kinu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, na binti yake alisimama mlangoni na kapu. Mzee akaomba kitu kimoja tu: pete ya marehemu mkewe, iliyopotelea pangoni. Akirudishiwa, atamwoza binti. Hapo baba alikaa mkao wa kazi. Mambo ya posa! Alihangaika na lile pango tangu Jumatatu hadi Jumatano, akafa kifo cha kila namna, mwisho akarudi na pete, akainama, akabonyeza.

Maandishi yakatokea. Nikayasoma kimoyomoyo. Mzee wa kinu alisema: Mchukue binti yangu, na baraka zangu zote. Anakusubiri darajani.

Basi. Hivyo tu. Mzee wa kwenye tivii, asiye na damu wala ukoo, alitimiza ahadi yake siku ile ile. Nilihisi hasira inanipanda mpaka masikioni.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema bado," nilijibu. "Anataka barua. Tena ya wino wa bluu."

Namwomba Mungu anisamehe, lakini nilimtazama usoni nikisubiri ajishtukie. Hakujishtukia hata kidogo.

"Wino wa bluu?" alifoka. "Pete nimempa, damu imenitoka, yeye anaangalia rangi ya wino? Mzee gani huyu?"

Akazunguka ufalme mzima, duka kwa duka, hadi akanunua kichupa cha dawa ya bluu, akaamini ndio wino. Aliporudi nikamwambia mzee sasa anataka aletewe babu mdogo. Baba akasimama kabisa kutoka kwenye kiti. Siku mbili alifuatafuata wazee wa ufalme ule akibembeleza waongozane naye, hakuna aliyetoka hatua. Nikamwambia mzee amekubali kulisamehe hilo, ila anataka asali. Asali ilikuwepo, pangoni kwa dubu. Dubu alimuua baba mara kumi na moja.

"Lakini mbona maandishi ni yale yale?" aliniuliza siku moja, kidole kikiwa kwenye kioo.

"Kiingereza kina maneno machache, baba. Yanarudiwarudiwa."

Ijumaa Nathan alinipigia simu. "Loyce, nakupenda, hilo unalijua. Ila Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Wazee wangu wamechoka kuvaa makoti." Hakuwa anatania. Nilikaa na simu mkononi, gauni la mtu mwingine mapajani, nikaogopa kweli.

Jumapili walikuja wawili tu: Nathan na mshenga wake, mzee Gervas, na koti lake. Upande wetu alikuwepo shangazi Magreth, dada yake baba, ambaye hakosi kikao chenye chai. Baba hakungoja hata salamu ziishe. Tivii ilikuwa inawaka, na mwenye kinu amesimama pale na ndevu zake.

"Mzee Gervas, wewe ni mtu wa posa kama mimi," baba alianza. "Njoo umwone mshenzi. Kijana kamletea alichotaka. Akataka barua ya wino wa bluu. Akaletewa. Akataka babu mdogo!"

Gervas akaweka kikombe chini polepole.

"Babu mdogo," alirudia.

"Halafu asali! Mimi nakwambia, huyu hataki kuozesha. Huyu anamchezea mtoto wa mwenzake. Na binti mwenyewe anazeeka!"

Hakuna aliyecheka. Nathan alikuwa anaisoma tivii. Gemu ni yake, anaijua yote. Kisha akaniangalia mimi. Shangazi Magreth akajikohoza.

"Kaka," alisema, "hiyo asali siyo ya Itigi?"

Nilimwona baba akihesabu moja moja: wino, babu, asali. Alipogeuka kwangu macho yake hayakuwa ya ukali, na hilo lilinitisha zaidi.

"Loyce, hapo pameandikwa nini?"

Nikaanza kukusanya vikombe. Akamwelekea Nathan. "Soma wewe."

"Mzee, labda Loyce..."

"Soma."

Nathan akasoma, Kiswahili chake kimenyooka: "Mchukue binti yangu, na baraka zangu zote. Anakusubiri darajani."

"Aliyasema lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita, baba," nilisema. "Siku ulipoleta pete. Hayo mengine ni ya kwako. Nisamehe."

Nilisubiri anifukuze sebuleni, na angekuwa na haki.

"Na msichana?" baba aliuliza. "Siku zote hizi yuko wapi?"

"Yuko darajani."

"Amesimama tu?"

"Amesimama tu, baba."

Akachukua pedi. Kijana akashuka mlima kwa kutembea, baba hakumkimbiza. Binti alikuwepo, kapu mkononi, anaangalia njia. Baba akabonyeza. Wakashikana mikono, wakaanza kwenda, na nyuma yao, mbali, mlango wa kinu ukafungwa.

"Ndiyo imeisha?"

"Sehemu hiyo ndiyo imeisha, mzee," Nathan alisema.

"Hakurudi hata kumuaga baba yake?"

"Kwenye gemu haipo hiyo."

Baba akaiweka pedi mezani. Hakumtazama mtu.

"Wewe siku yako utaaga," aliniambia. "Utaingia chumba kimoja kimoja, na cha mama yako, uage. Usiharakishwe na magari ya watu. Mimi nitakuwa pale nje, nitakusubiri umalize."

Nililia mbele ya wageni, sikuona aibu. Baba akamgeukia mzee Gervas, akamwambia ataje siku.