Mama Goreth na Njia Inayopita kwa Mkwe

Kule Baraka, upande wa Fizi huko Kongo, Goreth alijulikana kwa mambo mawili: sauti yake na kicheko chake. Akianzisha wimbo kanisani, hata waliosinzia nyuma walijikuta wamesimama. Vita vikamvusha ziwa, vikampitisha Tanzania kwa miguu na kwa malori, mpaka akafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na binti yake Elodie. Sauti akafika nayo, na kicheko pia, Mungu ashukuriwe. Akina mama wa kambini walipounda kwaya, hawakupiga kura kumpata kiongozi. Walimgeukia tu.

Lakini baada ya Noeli ya mwaka elfu mbili, kicheko kikaanza kukatika kama maji ya bomba. Goreth akawa mkali kwa watoto wa jirani. Kichwa kilimuuma. Usiku aligeuka-geuka, mchana akasinzia. Siku ya Pasaka yenyewe, katikati ya Utukufu, wimbo aliouimba tangu utoto, maneno yakamkimbia, akabaki kinywa wazi mbele ya waumini wote.

"Ni mawazo ya vita," akasema mmoja baada ya misa.

"Hapana, ni pepo," akasema mwingine, na wakaanza kumwombea novena.

Goreth mwenyewe alishaamua kuiacha kwaya. Kilichomchoma ni kimoja: siku ya Pentekoste mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Elodie, angebatizwa. Bibi gani huyo asiyeweza kumwimbia mjukuu wake?

Na chanzo alikijua, ila hakikusemeka. Jules, mume wa Elodie, kijana wa Uvira mwenye adabu zake, alikuwa amepata cherehani wakati wa Noeli, akaiweka mlangoni penye mwanga. Mlango ule ulitazama njia, na njia ile ilikwenda mahali pamoja tu: kwenye choo cha mstari wao wa nyumba. Kwao, mama mkwe hapiti mbele ya mkwe wake na kibidoni cha maji mkononi, huku kila mtu anajua anakokwenda. Afadhali ardhi ipasuke immeze. Baraka choo chake kilikuwa nyuma ya migomba. Hapa nyumba ziligawanywa na ofisi ya kambi, na ofisi haikuuliza nani ni mkwe wa nani. Vyoo vya mistari mingine vilikuwa na kufuli za wenyewe, na usiku akina mama waliogopa kutoka.

Basi Goreth akajitungia dawa yake: maji asinywe, maharage asile, tumbo likae kimya. Jules akienda Area 36 kule Lilongwe kutafuta vitambaa, yeye alikimbia upesi akarudi. Jules asipokwenda, alijizuia.

Wiki ile ya Pasaka Elodie alipoona mama yake anazidi kukonda, akampandisha minibasi hadi Lilongwe, wakafika hospitali ya Likuni. Elodie akabaki nje na mtoto. Ndani palikuwa na sista Mmalawi aliyesomea uuguzi Songea, Kiswahili chake kimenyooka.

"Mama, choo unapata?"

Goreth akatazama msalaba ukutani kama anayeuomba ujibu badala yake.

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Siku ya Mungu, Sista."

"Jumapili hii ya Pasaka?"

"Ile ya Matawi."

Sista akaweka kalamu chini. Siku ile ilikuwa Ijumaa. "Siku kumi na mbili! Mama, Bwana Yesu mwenyewe kaburini alikaa siku tatu tu."

Goreth akacheka, tumbo likamuuma, akalishika.

"Na usingizi? Na hasira?"

"Usingizi hakuna, hasira iko. Njo maana banasema niko na pepo."

"Hapa hakuna pepo. Tumbo na kichwa ni kama majirani wa kambini wanaopakana ukuta. Mtoto wa huyu akilia usiku kucha, yule wa pili atalala?"

"Hawezi, Sista."

"Basi tumbo lako linalia tangu Noeli. Kichwa kitaimba saa ngapi?" Akamwandikia dawa, akaongeza: "Kunywa maji. Kula maharage, mboga za majani, papai. Kunywa na thobwa iliyochachuka kidogo, ile ambayo Songea tuliita togwa. Na tumbo likikuita, itika. Usiliambie lingoje."

"Hiyo ya mwisho siwezi."

"Kwa nini?"

Goreth akafunika mdomo kwa kitenge. "Njia inapita kwa mukwe."

Sista hakucheka. "Mpongozi!" akasema kwa Kichewa, yaani mkwe, mkono kifuani. "Mama yangu kule Mzimba, mkwe akija, alijificha nyuma ya ghala la mahindi. Nimekuelewa. Kinywa chako hakiwezi kusema, sawa. Tafuta kinywa cha mwingine."

Kinywa kikawa cha Kalala, mpiga ngoma wa kwaya. Goreth alimweleza huku ametazama pembeni. Kalala akacheka mpaka akakaa juu ya ngoma yake.

"Mama Goreth! Mi nilizani bamekuloga, kumbe njo mashine ya kushona!"

"Kalala, usiende kucheka vile kule."

"Eeh, Mama! Mi iko muntu ya heshima."

Jioni ile Kalala akaenda kwa Jules, na kesho yake asubuhi Goreth alisikia jembe likipiga ukuta wa Jules. Nimemuudhi mkwe wangu, akawaza, sasa anabomoa, anahama na mwanangu na mjukuu. Akatoka mbio. Jules alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Mlango wa zamani alishauziba kwa matofali ya udongo, na sasa alikuwa anatoboa mwingine upande wa pili, unaotazama barabara ya kanisa. Cherehani ilikuwa imeshahamia huko.

"Jules, mulango ilikuwa na shida gani?" akauliza jirani.

"Vumbi," akajibu Jules. "Upepo ya upande ile inakohoza mutoto."

Hakumtazama mama mkwe wake. Naye Goreth hakumtazama. Aliuinamia ukuta kidogo.

"Pole na kazi, baba."

"Asante, mama," Jules akaliambia jembe.

Siku ile Goreth alikunywa vikombe vitatu vya maji na kimoja cha thobwa. Kisha akachukua kibidoni chake, akapita njia ile mchana kweupe, polepole kama bibi harusi. Yaliyofuata ni yake na Mungu wake.

Wiki mbili hazikuisha, usingizi ukarudi. Kichwa kikawa chepesi. Watoto wa jirani wakarudi kuchezea mlangoni pake, kwa kuwa hakuna tena wa kuwafukuza. Akawa anaamka na wimbo mdomoni kabla hajavaa viatu.

Siku ya Pentekoste mtoto aliitwa Annuarite. Goreth akaanzisha, akina mama wakapokea, Kalala akapiga ngoma jasho likimtiririka, vigelegele mpaka nje. Walipofika mwisho, Goreth akainua mkono: tena! Padri akabaki ameshika chombo cha maji, akitabasamu, akisubiri wamalize. Hawakumaliza upesi.